Kumwingiza Farasi Mgeni Katika Kundi la Wenyeji

Farasi ni mnyama wa kundi. Mwili wake na tabia zake ziliumbika katika nyika zilizo wazi, ambako mnyama aliye peke yake huliwa upesi na aliye pamoja na wenzake huishi. Kwa sababu hiyo mfugaji anayenunua farasi na kumleta mahali penye farasi wengine hana budi, mapema au baadaye, kumwunganisha na wenyeji hao. Kwa nje jambo hili huonekana jepesi: lango hufunguliwa, mgeni hufunguliwa kamba, na kazi hudhaniwa imekwisha.

Ukweli ni kwamba siku hiyo ni mojawapo ya siku za hatari kubwa katika maisha ya farasi wa kufugwa. Teke moja la miguu ya nyuma laweza kuvunja mfupa, na farasi mzima aliyevunjika mfupa mrefu wa mguu huponyeka kwa nadra sana. Hali kadhalika, mgeni mmoja mwenye ugonjwa usioonekana aweza kulilaza banda zima kwa majuma mengi. Makala haya yanaeleza jinsi kundi la farasi lilivyoundwa, kwa nini humpokea mgeni kwa ukali, na hatua ambazo humwezesha mfugaji kuepuka hasara. Itaonekana kwamba hatari zote mbili, ya maradhi na ya mapigano, zina dawa iliyo moja, nayo ni umbali unaopunguzwa kidogo kidogo.

1. Utaratibu wa kundi

Mwaka 1922 mtaalamu wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake juu ya kuku wa kufugwa. Alionyesha kwamba kuku hawadonoani ovyo. Kila kuku anamjua yule anayeweza kumdonoa na yule asiyethubutu kumgusa. Tangu hapo utaratibu wa vyeo umegunduliwa kwa wanyama wengi, na farasi wamo.

Afrika ya Mashariki imechangia sana elimu hii kwa njia ya ndugu wa farasi, yaani pundamilia. Katika miaka ya 1960 Hans Klingel, mtaalamu kutoka Ujerumani, aliwachunguza pundamilia wa Ngorongoro na Serengeti. Kwa kuwa hakuna pundamilia wawili wenye milia ya namna moja, aliweza kuwatambua mmoja mmoja na kufuatilia maisha yao kwa muda mrefu. Aligundua kwamba lile kundi kubwa linaloonekana kuwa mkusanyiko tu wa wanyama limegawanyika katika familia za kudumu, kila familia ikiwa na dume mmoja, majike wachache na watoto wao. Majike wana vyeo vyao, na huendelea kukaa pamoja hata dume wao anapofariki na mwingine kushika nafasi yake. Jike kijana anapoletwa na dume katika familia, majike wenyeji humfukuza na kumtisha. Dume humkinga, na baada ya muda mgeni hupata nafasi, aghalabu ile ya chini.

Farasi nao huishi hivyo wanapoachiwa nyikani. Wa kufugwa wametengwa na familia zao za asili, lakini tabia imebaki. Ukiwaweka farasi sita katika kiunga kimoja, baada ya muda kila mmoja atakuwa anajua nani anampisha kwenye maji na nani lazima ampishe yeye. Cheo hakifuati nguvu peke yake. Umri, na muda ambao mnyama amekaa katika kundi, vina uzito mkubwa. Ndiyo maana jike mzee mwenye umbo dogo aweza kuwatawala vijana wenye misuli.

Jambo la kushika hapa ni kwamba utaratibu wa vyeo haupo ili kuleta ugomvi, bali kuuzuia. Kati ya farasi wanaojuana, kulaza masikio nyuma na kunyoosha shingo kwatosha. Aliye chini husogea, na hakuna anayeumia. Mgeni hana historia na yeyote. Haijulikani atampisha nani, wala nani atampisha yeye. Ukali wa siku ya kwanza, basi, ni swali ambalo kila mwenyeji anamwuliza mgeni, na ambalo halijapata jibu. Kazi ya mfugaji ni kupanga mambo ili majibu yapatikane kwa vitisho na si kwa kwato.

Zaidi ya vyeo, kundi lina urafiki. Farasi wawili walio marafiki husimama wakielekeana na kukunana kwa meno, hasa mahali shingo inapokutana na mgongo. Mwaka 1993 Claudia Feh na Jeanne de Mazières, waliofanya uchunguzi kwa farasi wa Camargue, Ufaransa, walionyesha kwamba farasi akikunwa mahali hapo mapigo ya moyo wake hupungua. Mgeni anayepata rafiki mmoja, kwa hiyo, amepata kitulizo kinachoweza kupimwa.

2. Karantini kwanza

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika ufugaji mithali hii yaweza kugeuka, mwenyeji akaugua. Maradhi yanayostahili kuogopwa zaidi si yale yanayoonekana machoni, maana hakuna anayenunua farasi aliyekwisha kulala chini. Ni yale yanayosafiri ndani ya mnyama anayeonekana mzima.

Mfano ulio wazi ni ugonjwa wa majipu ya koo, unaoletwa na bakteria aitwaye Streptococcus equi. Farasi hupata homa, hutokwa na usaha puani, na tezi za chini ya taya huvimba na kupasuka. Dalili hutokea kwa kawaida kati ya siku ya 3 na ya 14 baada ya kuambukizwa. Farasi wapatao mmoja katika kila kumi waliopona huendelea kuwabeba bakteria hao katika vifuko vya hewa vilivyo nyuma ya koo, kwa miezi au hata miaka, bila kuonyesha dalili yoyote.

Historia ya karibuni imeonyesha gharama ya kupuuza karantini. Mwaka 1987 pundamilia walioletwa Hispania kutoka Namibia, walioonekana kuwa na afya njema, walipeleka huko Ugonjwa wa Farasi wa Afrika. Ugonjwa huo uliendelea kuzuka Hispania hadi mwaka 1990, ukafika Ureno na Moroko. Mwaka 2007 mafua ya farasi yaliponyoka katika kituo cha karantini nchini Australia, nchi ambayo haikuwa na ugonjwa huo hapo awali, na makumi ya maelfu ya farasi waliugua kabla haujazimwa.

Kwa hiyo farasi mgeni atengwe kwa majuma matatu angalau. Aweze kuwaona farasi wengine kwa mbali, maana upweke kamili humtaabisha, lakini wasigusane pua wala wasinywe maji pamoja. Ndoo, brashi na kamba zake ziwe zake peke yake. Mtumishi awahudumie wenyeji kwanza na mgeni mwisho, kisha anawe mikono na kubadili viatu.

Joto lake lipimwe asubuhi na jioni na kuandikwa daftarini. Joto la farasi mzima aliyepumzika huwa kati ya nyuzi 37.5 na 38.5 za sentigredi. Kipimajoto ni chombo cha bei ndogo chenye faida kubwa, kwa kuwa katika ugonjwa wa majipu ya koo homa hupanda siku moja au mbili kabla mnyama hajaanza kuwamwagia wenzake bakteria. Mfugaji anayepima kila siku huugundua ugonjwa kabla haujavuka ua.

Muda huo utumike pia kuchunguza kinyesi ili kujua wingi wa mayai ya minyoo na kumpa mgeni dawa ifaayo, na kuzoesha tumbo lake chakula kipya. Chakula kibadilishwe polepole kwa muda wa siku 7 hadi 14, la sivyo msokoto wa tumbo waweza kumwua kabla hata hajaonana na wenyeji.

Katika Afrika ya Mashariki hatari huweza pia kuelekea upande wa pili. Ugonjwa wa Farasi wa Afrika hauenezwi kwa kugusana, bali na usubi wanaoruka hasa kuanzia machweo hadi mapambazuko. Katika farasi wasio na kinga waweza kuua tisa katika kila kumi. Mnyama aliyetoka mahali pasipo na ugonjwa huo huingia katika nchi yenye usubi na virusi akiwa hana silaha. Daktari wa mifugo aulizwe juu ya chanjo kabla ya safari, na mgeni alale bandani kuanzia kabla ya machweo. Vivyo hivyo mahali penye mbung'o pana hatari ya nagana.

3. Majirani kabla ya kuwa jamaa

Karantini ikiisha salama, lango lisifunguliwe bado. Mgeni awekwe katika kiunga kinachopakana na cha wenyeji, na kati yao uwe ua imara unaoonekana vizuri. Seng'enge haifai kabisa hapa, kwa kuwa farasi wanaotishana hupiga mateke na kuparamia. Inafaa kuanza na nyua mbili zenye nafasi katikati, kisha baada ya siku chache ubaki mmoja, ili waweze kunusana.

Mlio mkali, kupiga ardhi kwa mguu wa mbele na kugeuza makalio ni mambo ya kutazamiwa. Mengi ya maswali yaliyotajwa hapo juu hujibiwa hapa, ua ukiwa kinga. Mwaka 2009 Elke Hartmann na wenzake, watafiti wa Sweden na Denmark, walichapisha uchunguzi wa farasi wasiojuana. Farasi waliokutanishwa kwanza kupitia ukuta wa vyumba vilivyopakana walipoachiwa pamoja uwanjani waliumana kidogo kuliko wale waliokutana ghafla.

Uzoefu kama huo ulitumika katika kazi kubwa ya kuwarudisha nyikani farasi wa Przewalski, ambao walikuwa wametoweka Mongolia katika miaka ya 1960 na kubaki katika bustani za wanyama tu. Walipoanza kurudishwa huko Hustai mwaka 1992, hawakuachiwa siku ile ile. Walikaa kwanza katika viunga vikubwa wakizoea nchi na kuzoeana, ndipo wakaachiwa wakiwa vikundi vilivyokwisha kushikamana.

Hakuna idadi ya siku inayofaa kila mahali. Kipimo ni tabia: wakati mgeni na wenyeji wanapoweza kula karibu na ua bila kulaza masikio, hatua hii imekamilika. Yaweza kuchukua juma moja, au zaidi.

4. Mwenzi mmoja

Wakati wa ujirani mfugaji awachunguze wenyeji. Nani anamwondoa nani kwenye chakula? Nani hutembea daima na nani? Kutokana na hayo amchague mwenyeji mmoja mpole, ambaye si mkuu wa kundi wala si wa mwisho, na kumweka pamoja na mgeni kwa siku kadhaa. Asichaguliwe mkuu, kwa kuwa aweza kumtesa mgeni bila ya wa kumzuia. Wala wa mwisho, kwa kuwa aweza kuona amepata nafasi ya kupanda cheo kwa nguvu.

Wawili hao wakishaanza kula pamoja na kukunana, waingizwe kundini pamoja. Mgeni sasa haingii akiwa peke yake.

Makundi mengine yahitaji tahadhari zaidi. Farasi dume asiyehasiwa asiunganishwe na maksai au majike bila mpango maalumu. Jike aliyekaribia kuzaa, au mwenye mtoto mchanga, asiwekwe katika msukosuko huu hata kidogo.

5. Siku ya kufungua lango

Siku ichaguliwe ambayo ardhi ni kavu, kwa kuwa farasi anayegeuka kwa kasi kwenye utelezi huanguka. Wakati uwe asubuhi, ili zibaki saa nyingi za mwanga wa kutazama. Wote wawe wamekwisha kula. Vyuma vya kwato za nyuma viondolewe mapema, kwa wenyeji na kwa mgeni, maana teke la kwato tupu na teke la chuma havilingani. Kabla ya hapo mgeni atembezwe kwa kamba kuuzunguka uwanja mtupu, ajue ua uko wapi na maji yako wapi.

Nafasi ndiyo kinga kubwa kuliko zote. Farasi aliye chini hujiokoa kwa kuondoka. Akikosa pa kuondokea hupigwa au hupiga. Uchunguzi wa Birgit Flauger na Konstanze Krueger wa Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba uchokozi hupungua kadiri eneo linavyoongezeka, na hukaribia kutoweka kila farasi anapokuwa na zaidi ya meta za mraba 331. Kwa kulinganisha, uwanja wa mpira wenye urefu wa meta 105 na upana wa meta 68 una meta za mraba 7,140. Kwa kipimo hicho ungewatosha farasi 21. Mfugaji mwenye kiunga kidogo aazime kikubwa kwa siku hizo za kwanza. Pembe kali za ua, ambamo mnyama aweza kubanwa, zizibwe kwa magogo au mbao za mshazari.

Majani yawekwe mafungu mengi kuliko idadi ya farasi, mbalimbali, hatua kumi au zaidi kati ya fungu na fungu. Kama farasi ni sita, mafungu yawe saba au manane, na maji yawe mahali pawili. Nafaka isitolewe uwanjani, kwa sababu chakula kitamu kidogo ndicho kinachogombewa zaidi.

Watu wasimame nje ya ua. Aliye katikati ya farasi wanaokimbizana hawezi kuwasaidia, bali huongeza mtu mmoja katika orodha ya majeruhi.

6. Kupambanua ya kawaida na ya hatari

Kukimbizana kwa dakika kadhaa, milio, kutishiana kwa meno na makalio, na mgeni kusukumwa pembeni ni mambo ya kawaida. Farasi vijana huonekana wakitafunatafuna hewa mbele ya wakubwa. Hiyo ni ishara ya unyenyekevu. Mfugaji asiingilie kila kitisho, kwani akiwatenganisha mapema mno, swali hubaki bila jibu na ugomvi huanza upya kesho yake.

Aingilie iwapo mgeni anafukuzwa bila kuachwa avute pumzi. Iwapo amebanwa kwenye pembe na anapigwa. Iwapo wawili au watatu wameungana dhidi yake. Iwapo anachechemea au anatoka damu nyingi. Au iwapo hadi alasiri hajaruhusiwa kunywa maji. Mara nyingi mchokozi ni mmoja tu. Badala ya kumwondoa mgeni, inafaa kumtoa mchokozi huyo kwa siku kadhaa, wengine wazoeane, kisha arudishwe yeye.

7. Majuma yanayofuata

Mithali yasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Farasi huhitaji zaidi. Kimya cha siku ya tatu hakimaanishi kwamba mgeni amekubaliwa; chaweza kumaanisha kwamba amekata tamaa ya kulisogelea fungu la majani. Uzito wake upimwe kila juma kwa utepe unaozungushwa kifuani, na mbavu zipapaswe kwa mkono.

Dalili iliyo bora kuliko zote huonekana usiku au alfajiri, nayo ni kulala chini. Farasi aweza kusinzia akiwa wima, kwa sababu miguu yake ina namna ya kujifunga bila kuchosha misuli. Lakini ule usingizi mzito wa ndoto haupati asipolala ardhini. Mnyama anayeogopa majirani zake halali chini, na akikosa usingizi huo siku nyingi huanza kuyumba na hata kuanguka magoti. Mgeni anayelala chini huku mwenzake amesimama karibu naye amekwisha kuwa mwenyeji.

Akifikia hapo, kundi liachwe litulie. Uchunguzi uliofanywa Denmark kwa farasi majike vijana, na kuchapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba wanyama waliobadilishiwa wenzao kila juma hawakuzoea mabadiliko hayo. Uchokozi ulirudi kila mara. Anayenunua na kuuza kila mwezi, au kuhamisha farasi ovyo kati ya viunga, anawarudisha wote kwenye siku ya kwanza.

8. Neno juu ya punda

Wafugaji wengi wa Afrika ya Mashariki hawana farasi, wana punda. Hatua zilizoelezwa zinawafaa nao pia, pamoja na nyongeza mbili. Kwanza, punda hushikamana sana na mwenzi mmoja. Akitenganishwa naye ghafla aweza kuacha kula, na punda asiyekula kwa siku chache aweza kujaa mafuta katika damu na kufa. Wanunuliwe wawili waliozoeana, inapowezekana. Pili, punda aweza kubeba minyoo ya mapafu bila kukohoa, kisha akaiacha malishoni na kuwaambukiza farasi, ambao hukohoa kwa miezi. Anayewafuga pamoja ahakikishe punda mgeni amechunguzwa wakati wa karantini.

Hitimisho

Kundi la farasi si idadi ya wanyama tu. Ni maarifa ambayo kila mnyama anayo juu ya mwenzake, na mgeni hana maarifa hayo. Hayanunuliwi pamoja naye sokoni, wala hayalazimishwi kwa fimbo. Hupatikana kwa kuonana kwa mbali wakati wa karantini, kunusana kupitia ua, kula na mwenzi mmoja, na mwisho kuingia katika uwanja mpana. Mfugaji atakayetoa majuma sita kwa hatua hizi atakuwa ametumia muda mfupi kuliko ule unaohitajika kuponya jeraha moja kubwa, na gharama ndogo kuliko ya banda zima lililougua.